Bunju wa Fransiska

Benchi letu liko Ngaramtoni, ukutani kwa gereji ya Paramjit, ambaye tunamwita Baba Gia. Birika la kahawa ni moja kila asubuhi, likiisha, tunatawanyika. Jumamosi shemeji yangu Elimringi alikuja amechelewa, akakaa bila kusalimu. Tangu tumzike dada yangu Fransiska kule Machame wiki iliyopita, amebaki na tangi la kioo la marehemu pale sebuleni, na ndani yake bunju wawili, samaki wadogo kama punje za mahindi, wanaovimba wakishtuka. Mmoja alikuwa amekufa. Wa pili hataki kula.

— Nampa chakula cha dukani, alisema. Anakitazama, anageuka. Akifa na huyu, sijui nikiingia ndani nitamsalimia nani.

Stanley, ambaye ni Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza redio, alilaumu ndege zinazotua uwanja wa Kisongo: samaki anadhani juu anapita samaki mkubwa wa kummeza. Lesian, mfuga mbuzi wa Oldonyo Sambu, alikataa.

— Tatizo ni maji. Hapa sote meno yametugeuka kahawia, na huyo ana meno, nimeyaona. Anaona aibu kufungua mdomo.

— Aibu kwa nani?

— Kwako. Si unamkodolea macho?

Baba Gia alingoja tumalize kucheka, kisha akasema samaki anasubiri sauti. Fransiska alikuwa anaimba kwaya huku anamlisha, basi aimbiwe.

Elimringi hakucheka.

— Jana nilimwimbia, alisema. Ubeti mmoja.

Hapo ndipo Kandida, aliyekuwa akiimba na dada yangu, alipopita akitoka sokoni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alimuuliza Elimringi hali ya nyumbani, naye akamweleza habari ya samaki. Kandida akaweka kikapu chini.

— Na konokono siku hizi anampa nani?

— Konokono gani?

— Wale wa kwenye ndoo, baba. Fransiska alikuwa akiwaokota mferejini na kuwafuga kwa ajili yake. Ndiyo chakula chake, na gamba ndilo linalompunguza meno.

Tuliporudi kutoka kuzika tulisafisha nyumba nzima, ili mfiwa asiingie kwenye vumbi. Baba Gia alibadilisha maji ya tangi. Injinia alikwangua kioo mpaka kikang'aa. Lesian ndiye aliyekuta ndoo ya uchafu nyuma ya mlango, akaimwaga shimoni, na Elimringi akatushukuru kwa machozi.

Kila mtu alitazama kikombe chake. Kisha Elimringi akamwaga kahawa yake, akafuta kikombe kwa shati, akashika njia ya mfereji ulio nyuma ya migomba. Lesian alimtazama akienda. Akanyanyua birika letu, lililokuwa bado nusu, akalimimina lote chini na kumfuata.