Nyumba Namba 118

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa nne wa fundi saa, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yake. Alisoma hadi kidato cha nne. Mwaka 1989 aliolewa na baba yetu, fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu. Mimi ninayesoma ni wa kwanza.

Kazi iliyompa jina la Mama Hodi aliianza Februari 2016, mradi wa utafiti wa presha ulipomwajiri kuwa mhojaji. Nyumba 312 za mitaa yetu alizizunguka kwa miguu, na dodoso na mashine ya kupimia. Mazoezi aliyafanya kwenye mkono wa baba, mpaka baba akasema umekufa ganzi kwa mapenzi.

Awamu ya kwanza ilipokwisha, majibu yalipelekwa mbali, waliopimwa wenyewe hawakuambiwa kitu. Ya pili ilipofika mama aligoma. Alimwambia msimamizi wake, "Watu hawa walinipa kiti na mkono wao. Sipigi hodi tena bila majibu yao." Alisimamishwa kazi miezi minne, hakulegeza. Mwishowe watafiti walikuja, wakakaa zahanati siku sita wakimpa kila mtu jibu lake. Watu arobaini na saba walianza dawa. Wengi mko hapa leo.

Lakini kanuni ilimkataza mhojaji kupima nyumba yake. Yetu, namba 118, ilikuwa ipimwe na mhojaji mwenzake wa mtaa wa pili. Mwenzake aliacha kazi, na kwenye orodha pakaandikwa "baadaye". Mashine ilikuwa mkobani, nyuma ya mlango wetu, siku zote hizo. Tulipomwuliza alisema zamu yake itafika, nasi tukaridhika. Hilo linatuuma sana.

Aprili 2019 alianza kuumwa kichwa, akasingizia jua. Tarehe 2 Juni alianguka jikoni. Daktari alisema ni presha ya miaka mingi. Alifariki tarehe 5, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili na dada mmoja.

Jana, tukitafuta picha ya ratiba hii, tulifungua mkoba wake. Tulikuta dodoso la namba 118. Majina yetu sote ameyaandika vizuri, lake la kwanza, na nafasi ya vipimo ameiacha wazi kwa atakayekuja.

Pumzika, mama. Hodi uliyoingoja tumechelewa kuipiga.