Wimbo wa Kumzika Mtunzi

Hebu pata picha: benchi la mbao limeegemea ukuta wa kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali, birika la kahawa linafuka mvuke. Mtunzi wa nyimbo aliyekuwa akikaa pale amefariki. Mazishi ni kesho. Watu wa chama, wa mgomo na wa ibada wote wanakuja, na binti yake anaogopa wasije wakazozana kaburini. Ameomba marafiki wa baba yake wachague wimbo mmoja kati ya alizotunga. Wako watatu: Redio, mzee asiyezimika, Spana, fundi magari, na Mama Kahawa, mwenye birika.

REDIO: Ule wa chama! Ujanani alikipenda chama kuliko chakula. Tuliuimba tukipiga mguu, vumbi mpaka puani.

SPANA: Chama hichohicho kilichomfukuza kazi? Acha utani, mzee. Ule wa mgomo ndio wenyewe.

MAMA KAHAWA: Na alipomrudia Mungu je? Mtu kamalizia na sala, nyinyi mnamzika na siasa?

SPANA: Hata sala aliziacha, shangazi. Juzi tu alikaa hapa akasema hajui tena Mungu anakaa upande gani.

MAMA KAHAWA: Alisema hajui anakaa wapi. Hakusema ameacha kumwita.

REDIO: Mimi nasema alirogwa. Kile kipaza sauti cha mkutanoni kilikuwa na kitu ndani.

SPANA: Wapi! Walikuwa wawili, pacha. Mmoja anatunga, mwenzake anakanusha.

MAMA KAHAWA: Na mke wao mmoja? Kunywa kahawa yako huko!

Binti akatokea, kanga begani, macho yamevimba.

— Shikamooni. Mmeshachagua?

Badala ya kumjibu, kila mmoja akaanza kuimba wake ili kuwashinda wenzake: Redio kwa mwendo wa gwaride, Spana mbiombio, Mama Kahawa taratibu kama anayeomba dua. Kelele tupu. Kinyozi akachungulia, wembe mkononi.

— Ngojeni kidogo, — akasema binti. — Babu, baba mdogo, zenu ziimbeni polepole, kama shangazi.

Wakaimba polepole. Maneno yalikuwa matatu tofauti. Lakini tuni ikawa moja, inapanda pamoja, inashuka pamoja. Spana akapiga paja.

SPANA: Kumbe!

REDIO: Miaka yote hii tunabishana…

Binti akakaa katikati yao.

— Huu alikuwa akiniimbia nilale, — akasema. — Maneno yake yalikuwaje?

Hakuna aliyejua. Mama Kahawa akamshika mkono, akaanza kuuimba wimbo kwa mvumo tu, midomo imefungwa. Redio akafuata, kisha Spana.

— Kesho tuuimbe hivihivi, — binti akasema, akifuta machozi. — Bila maneno.

Nawe, mwenzangu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: kabla hujabishana juu ya mtu aliyebadilika, mwombe mwanawe akuambie alikuwa akimlaza vipi.