Chungu Kikinyamaza

Hamjambo nyote, mlioketi na nyinyi mliosimama pale mlangoni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na kwa sababu ananijua ameshika saa mkononi. Majina ya watu sitataja. Wengine wametangulia, wengine wako hapa ndani, na mmoja ananiangalia vibaya tayari.

Mimi shule nilifika darasa la pili. Mbuzi za baba zilinihitaji kuliko mwalimu. Kiswahili changu nilikiokota njiani, nikinunua mbuzi Tseikuru na kuja kuziuza huku, na ukiokota lugha njiani unaokota na vipande vilivyovunjika. Hapo ndipo nilipoangukia, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Mke wangu alifariki mwaka mmoja kabla ya ile njaa ya mahindi ya manjano. Wakati huo bado tulikuwa tunahesabiwa Machakos, hakuna aliyesema Makueni. Aliniachia watoto watatu, wasichana wawili na kitinda mimba wa miaka minne. Ndugu zangu, sitajificha. Nilikuwa mwanaume wa kujua bei ya beberu kwa kumshika mgongo, lakini chumvi ya nyumba yangu sikujua inawekwa wapi. Mwanaume kufunua chungu jikoni ilikuwa aibu. Mama yangu angenikimbiza na mwiko. Msichana wangu mkubwa ndiye alikuwa anapika, na miaka yake ni kumi, nami nikaona ni sawa tu.

Njaa ilipokaza nilikuwa Tseikuru, na mbuzi wa kununua hakuna. Kulikuwa na duka la familia ya Kiislamu iliyotoka kaskazini, na mama mzee wa hilo duka alizoea kunipa chai. Akaona nimekonda. Akanipa mfuko wa mbegu za ule mti wa porini wenye majani magumu, ule unaobaki kijani wakati kila kitu kimekauka.

"Hii chakula," akaniambia. "Watu yetu nakula wakati ya shida. Lakini iko kali. Chemsha mpaka uchungu inyamaze."

Kiswahili chake kilikuwa cha njiani kama changu. Mimi nikasikia chungu inyamaze. Chungu! Cha kupikia! Alikuwa bado anaongea, anafanya mkono hivi, na tena hivi, lori ya kunirudisha ikapiga honi. Nikadhani ananiaga. Nikampungia na mimi, nikapanda.

Mnacheka. Cheka tu, siku hizi hata mimi nacheka.

Nyumbani nikamwambia msichana, kaa kando, leo baba anapika. Nikatia mbegu, nikatia maji, moto mkubwa. Chungu kikaanza kuongea, gugu gugu gugu. Nikakaa nacho kama mtu anayesikiliza redio. Maji yakapungua, sauti ikawa ndogo, mwisho kikanyamaza kabisa. Nikafurahi! Kumbe ule ukali wote haukwenda popote, umekaukia mle mle kwenye mbegu. Tukala. Ulikuwa ukali wa kufika mpaka masikioni.

"Baba, hii haiko sawa," msichana akasema.

"Kula. Ni chakula ya shida."

Jua halijashuka, wote watatu wanatapika, na mdogo macho yamegeuka. Jirani akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni tukawapeleka dispensari, mimi nikitembea nyuma na kutapika kando ya njia. Sitaki kueleza zaidi. Walipona, Mungu alitusikia. Siku ya tatu akafika shemeji yangu, dada ya marehemu, kutoka hapa Kathonzweni. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Shemeji, dada yangu alikuachia watoto. Hakukuachia kuku."

"Nilikosea, shemeji."

"Kukosea ni kuweka chumvi mara mbili. Hawa naenda nao. Siku utajua kupika nitasikia. Kathonzweni haifichi kitu."

Wakaenda. Wadogo walilia wakinitazama. Yule mkubwa hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nilikaa mwaka na zaidi nikila mkate na chai ya rangi. Nyumba bila watoto ina harufu yake, lakini hiyo ni hadithi nyingine, mwenyekiti ameangalia saa. Siku moja nikaleta ndengu hapa ushirika. Ilikuwa stoo moja ya mabati, na jiko nyuma yake. Nikaona akina mama wamezunguka sufuria, wanafundishwa. Nikasimama dirishani.

"Mzee, unatafuta mke?" mmoja akauliza.

"Natafuta kujua kupika."

Walicheka mpaka mmoja akakalia gunia. "Apewe leso huyu!" Mwalimu wao, mama mfupi asiye na maneno mengi, akanipa kinu na mchi. "Twanga muthokoi. Akichoka atajiondoa mwenyewe."

Mikono ilitoka malengelenge. Muthokoi, nyinyi wanaume mnakula tu hamjui, ukitwanga kwa hasira mahindi yanavunjika, ukitwanga kwa uvivu maganda hayatoki. Nilivunja mengi. Wakaniita Nyanya. Nikaja wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Mara moja kwa mwezi mwalimu alitutoa kwenda kutembea porini, atuonyeshe majani ya mboga, matunda, kipi kinachumwa na kipi kinaachiwa ndege na mbegu ya mwaka ujao. Siku hiyo tukasimama chini ya mti. Nikautazama, ni ule ule. 

"Hii tupite," mama mmoja akasema. "Kuna mwanaume aliua watoto wake na hii."

"Hawakufa," nikasema.

"Wewe umejuaje?"

"Ni wangu."

Hakuna aliyecheka. Ningeweza kuondoka wakati huo, na nyinyi msingeniona tena hapa. Lakini mwalimu aliniuliza polepole, kama anauliza njia, "Ulipika namna gani?" Nikamwambia yote, mpaka ule mkono wa mama wa dukani. Nikaufanya. Mwalimu akautazama.

"Mzee, huo mkono haukuwa unakuaga. Ulikuwa unamwaga maji."

"Uchungu, Nyanya!" akasema yule aliyetaka nipewe leso. "Uchungu, si chungu!" Akaanza kucheka huku amenishika mkono, nami nikacheka mpaka nikalia, nikalia kweli, mbele ya wanawake ishirini.

Tukachuma. Mwalimu akasema mimi ndiye nitapika. Chemsha, mwaga, tia maji mapya, onja hayo maji. Makali? Mwaga. Sikuhesabu mara ngapi. Ulimi ndio ulihesabu, mpaka maji yakawa kama ya kisima tu. Nikala wa kwanza. Wakaningoja mpaka kesho yake, nao wakala.

Habari ilifika kwa shemeji kabla sijafika nyumbani. Jumapili akaja na watoto. Sikupika mbegu, sikuwa na kichwa kigumu kiasi hicho. Nilipika muthokoi na kunde. Akakaa jikoni kwenye kigoda, akatazama kila mkono wangu unachofanya. Msichana mkubwa alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama," nikamwita, "njoo uonje. Niambie kama iko sawa."

Akaonja. Akafikiri sana.

"Baba, chumvi kidogo."

Nikaongeza. Akaonja tena, akaenda mwenyewe kuleta sahani. Walipomaliza kula shemeji akajifunga leso yake. "Nitakuja Jumapili kuwaangalia," akasema, akaenda peke yake.

Asante, shemeji, wewe unayeniangalia vibaya. Uliwalisha wakati mimi sikuweza. Asante mwalimu wetu, na akina mama mlionicheka na mkanivumilia. Hata Tseikuru nilirudi na mfuko wa ndengu. Yule mama mzee wa dukani alifunika mdomo na shela yake nilipomweleza, halafu akanifundisha upya, na mimi nikangoja mpaka akamaliza.

Basi funzo langu ni dogo. Mtu akikueleza neno la kulisha watoto na hujalishika vizuri, uliza tena. Lori iende.

Naona wanaume watatu kule nyuma wananong'ona. Darasa ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kinu ni kizito, na hawa akina mama watawacheka. Njooni hivyo hivyo.