Kikosi cha Kujaza Ndege Mafuta Angani

Benchi la Penina liko Karatu mjini, kando ya lami iendayo Ngorongoro. Hapo kahawa haina sukari na habari hazina uhakika. Jioni hiyo Modest alikuja amenywea. Ni dereva wa watalii, na kijiweni wanamwita Mzee wa Majibu, kwa kuwa hajawahi kumwambia mgeni “sijui.” Ndivyo alivyofundwa na madereva wakongwe: mgeni katoka mbali, akiuliza jina la kindege, mpe jina, hata kama umelitunga saa hiyohiyo. Leo desturi hiyo ilikuwa imemfikisha pabaya, tena pabaya hasa.

— Nipe kikombe, dada Penina. Nimejitia kitanzini mwenyewe.

— Umegonga? akauliza Silvanus, fundi makanika, maarufu kama Spana.

— Bora ningegonga! Nina mgeni, mzee wa Kimarekani, kaletwa na binti yake. Tangu Arusha yuko kimya, anatazama dirishani tu. Tunapanda mlima wa Mto wa Mbu, ndiyo akafungua mdomo. Anasema zamani alikuwa jeshini, kwenye kikosi cha kujaza ndege mafuta hukohuko angani. Akaniuliza kama nimewahi kusikia kitu kama hicho.

— Na wewe ukasema...

— Nikasema nakijua sana! Historia yote! Kesho tukiwa Kreta ya Ngorongoro nitamsimulia mwanzo mwisho.

Benchi zima likaguna.

— Binti yake kafurahi mno, Modest akaendelea. Anasema baba yake hajataja jeshi tangu mkewe afariki. Sasa kesho nikibabaika, yule mzee atajua nimempiga kamba. Nisaidieni jamani, naona aibu kweli.

Martini akajiweka sawa. Huyu wanamwita Rubani kwa sababu aliwahi kufyeka nyasi kwenye uwanja wa ndege wa Manyara. Ndani ya ndege hajaingia hata kwa bahati mbaya.

— Hapo umefika kwa mwenyewe. Ndege ya mafuta inapita juu, yenye kiu inapita chini. Inashushiwa mpira.

— Mpaka hapo sawa, akasema Modest.

— Ila mafuta hayaji yenyewe, lazima mtu anyonye kwanza. Kwa hiyo kila ndege ina mwanajeshi wa kunyonya. Huyo ndiye mwenye cheo.

— Hiyo chai! akadakia Spana. Kwa upepo wa kule, midomo itabaki?

— Unafikiri nishani anapewa za nini?

— Aisee, acha nikupe historia yenyewe, Modest, akasema Spana. Chanzo ni starta. Mimi nilikuwa tanboi wa Fuso la vitunguu, starta imekufa, handibreki haishiki. Mlimani husimami, na ukizima umekwisha. Dizeli ikikaribia kukata, naruka chini, nakimbia pembeni na dumu, namimina huku gari linakwenda! Basi na wale ni hivyohivyo. Walinunua ndege zenye starta mbovu, mkubwa wao akaona aibu kuzirudisha, akaamuru zisitue. Ndiyo kikaundwa kikosi cha madumu.

Modest akajikuta anatikisa kichwa kukubali. Stori ilikuwa na jeshi ndani, ilikuwa na mafuta, na ukiipamba kidogo ingetosha kutoka Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, hadi chini kabisa bondeni.

— Zilikaa angani muda gani? akauliza.

— Kuna moja haijatua mpaka leo, akajibu Rubani haraka, asije Spana akamuwahi. Rubani wake wa kwanza ameshastaafu.

— Kastaafia wapi? akauliza Penina.

— Hukohuko juu.

— Jamani! Na chakula?

— Kinapita kwenye mpira.

— Mpira huohuo wa mafuta? Ugali wa dizeli!

— Wanajeshi wale, dada, wameshazoea. Wana hadi familia humo. Watoto hawajui udongo ni nini.

Kijiwe kikaangua kicheko. Modest hakucheka. Midomo ilikuwa ikimcheza polepole, anatafuta Kiingereza cha dumu.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Lightness, mwenye kikapu cha maharage, akisubiri bodaboda wa kumrudisha kijijini kwake Rhotia. Hakuna aliyekuwa amemjali.

— Samahani kaka, akamwambia Modest. Mimi mpita njia tu. Ulipomwambia huyo baba kwamba unaijua historia yote, yeye alisemaje?

Modest akakumbuka.

— Aliitikia kwa kichwa tu, akarudi kutazama dirishani.

— Sasa kesho ukishamsimulia wewe, yeye atasimulia nini?

Spana akawa anakagua kucha zake zenye grisi kama hajawahi kuziona. Bodaboda akapiga honi, yule mama akaaga, akapanda na kikapu chake, wakaondoka.

Swali hilo lilimchoma Modest. Mtu kanyamaza njia nzima na msiba wake, kapata pa kuanzia, naye kamkata kauli kwa sifa za kijinga. Akakiacha kikombe kimejaa, akavuka barabara.

— Wee! Spana akapaza sauti. Umechukua ya starta au ya kunyonya?

Modest akashika njia ya hotelini kwa wageni wake.

Alimkuta mzee amekaa peke yake barazani hotelini, amejifunika blanketi magotini kwa baridi ya Karatu.

— Shikamoo babu, alianza kwa Kiswahili kwa kiwewe, kisha akarudia kwa Kiingereza cha watalii. Mchana nilikudanganya. Sijui hata kidogo. Hiyo ndege ya kwanza uliyoijaza mafuta, ilikuwaje?

Mzee akanyoosha mkono, akavuta kiti kingine karibu na chake.