Nusu Siku ya Fundi

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa duka la simu, na kila mchana wenyewe ni walewale. Fundi hukaa mwisho, na ovaroli lake la kiwandani, bakuli la chakula mapajani. Kiwanda kilimpunguzia kazi, sasa ni ya nusu siku, naye hajamwambia mkewe. Hushinda hapa mpaka jioni, ndipo arudi nyumbani akilalamikia mgongo. Wenzake wanajua, na wamemfichia siri. Leo redio ya muuza kahawa imetangaza kwamba kazi za nusu siku zimezidi hapa kwetu, na katika nchi jirani zimepungua.

— Miaka kumi nyuma jirani alikuwa hoi kuliko sisi, alisema Profesa, mwalimu wa vipindi vya kuokoteza. Sijui kapita wapi.

— Mimi najua, akadakia Waziri, mlinzi wa mwisho wa wiki. Walichukua watu wawili wa nusu siku, wakawaunganisha, wakapata mtu mmoja mzima.

— Na kichwa kilichobaki?

— Wakatuletea sisi. Ndiyo maana tumeongezeka.

— Basi tutafika robo. Mtu ataingia kazini, avae ovaroli, avue, aage.

Fundi hakucheka. Utani wa ovaroli ulimchoma.

— Hebu niambieni, alisema. Hao waliopungua wamepata kazi nzima, au wamekosa hata hiyo nusu?

— Redio haikusema, kaka, alijibu Profesa.

Hapo ndipo mkewe Fundi alipotokea pembeni ya duka, kashika kijiko kilichofungwa kwenye kitambaa. Waziri alisimama haraka.

— Karibu, shemeji. Leo mashine zimekufa, wametolewa mapema.

— Ahsante, shemeji. Mlinzi wa geti la kiwanda ameshaniambia ukweli.

Akamgeukia mumewe.

— Ulisahau kijiko, nikakipeleka kiwandani. Kila alfajiri naamka kukupikia, baba watoto. Tangu lini?

Profesa, aliyekumbuka hali ya jirani ya miaka kumi nyuma, aliinamia kikombe. Waziri alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Muuza kahawa alizima redio.

Fundi alisogeza bakuli, akampisha. Mkewe akaketi kwenye nafasi iliyobaki, akamtia kijiko mkononi, akangoja jibu.