Pakiti ya Kijani

Ndani ya basi la Taipei, Yu-ting alijifanya anasoma simu, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Bwana Keng alikuwa amepakata kompyuta yake kama mgonjwa, anaipeleka kwa mafundi.

"Shangazi, inawaka dakika kumi, halafu inazima. Nimebadilisha memori, nimebadilisha pawasaplai ya kuipa umeme, lakini wapi."

Bibi Siok-hun, fundi mstaafu aliyeketi kando yake, hakumwonea huruma. "Pakiti ya kijani umeiwekea?"

"Nitaachaje? Taiwan nzima inajua, mashine isiyowekewa pakiti ya kijani haitulii. Na yangu haijapita tarehe." Akamwonyesha pakiti ya vitafunio vya mahindi, imebandikwa juu ya matundu ya feni.

"Hapo ndipo inapopumulia. Umeiziba pua, halafu unashangaa inazimia?"

"Kabla ya pakiti ilikuwa dakika tano."

Bibi akaibandua, akaichana, akatia kimoja mdomoni. Yu-ting akafumba macho. Pakiti iliyo kazini hailiwi.

Basi likatetemeka, likazima katikati ya daraja. Dereva akajaribu kuliwasha mara tatu. Abiria wote wakamgeukia Bibi, ambaye sasa alikuwa ameacha kutafuna.

"Tema, Shangazi," akasema Bwana Keng kwa adabu zote.