Mama Chupa Anaondoka Ziwani

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima maji, Mama Chupa anastaafu. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya kikapu cha chupa za sampuli, ambacho hakumruhusu mtu kumbebea, hata dereva.

Alianza kazi miaka miwili baada ya mafuriko makubwa ya bahari. Mkono wa mto ulikuwa umezibwa kwa tuta ili bahari isirudi tena majumbani, na nyuma ya tuta hilo pakawa ziwa. Kipimo cha chumvi kilipoharibika, aliyaonja maji mbele ya mkuu wa kituo chetu na kutangaza kuwa sasa ni matamu. Mkuu alikunja uso. Mama Chupa akapiga funda la pili.

Lakini maji yasiyotembea huoza. Miaka kumi na miwili iliyopita ziwa liligeuka kijani, na chupa zake zikaonyesha sumu. Aliandika katika ripoti kwamba mifugo isinyweshwe pale, na milango ya tuta ifunguliwe maji yapate kutembea. Mkuu akaamuru sentensi ya mifugo iondolewe, watu wasije wakatiwa hofu bure. Mama Chupa alikataa siku tatu. Siku ya nne alitia sahihi. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili shuleni.

Wiki iliyofuata ng'ombe saba wa dada yake walikufia ufukweni. Dada mtu alikuja hapa ofisini, akakataa kiti, akamuuliza kama alijua.

"Nilijua, dada."

Dada aliondoka, na hadi leo hajakanyaga kwa mdogo wake.

Tangu hapo Mama Chupa alibandika kila matokeo sokoni kwa mkono wake, bila kibali. Alipata barua mbili za onyo, na cheo chake akapewa mwingine. Mwaka jana milango ilifunguliwa hatimaye. Jiwe la uzinduzi lina jina la mkuu. Mama Chupa aliketishwa safu ya nyuma, karibu na spika za muziki.

Aliyechapa upya ripoti ile bila sentensi ya mifugo ni mimi. Hakunitaja kwa yeyote, nami nilinyamaza, nikala naye chakula cha mchana miaka yote hii.

Mama Chupa, ahsante. Jumamosi nitakwenda kwa dada yako nikamweleze mimi mwenyewe jinsi ulivyokataa na nilivyoichapa, ingawa nimechelewa. Pumzika. Tunakutakia siku njema kuliko tulizokupa.